Kutoka Ijumaa hadi Ijumaa: Mvua za vuli na amana ya nafsi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mteremshaji wa mvua na Mwenye kuihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, tumo ndani ya vuli. Katika Ukanda wa Ziwa Victoria, yaani mikoa ya Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara, mvua hizi ni za Oktoba hadi Desemba, na wiki za mwezi wa Novemba ndizo ambazo aghalabu huwa nzito. Hapa Katoro dalili zake anazijua hata mtoto: asubuhi jua kali, mchana fukuto, alasiri wingu jeusi, na jioni barabara za mitaani zinageuka vijito. Mkulima wa mahindi na pamba anashukuru. Mwenye mpunga bondeni anashukuru. Lakini katika vilima vya Mgusu, Rwamgasa na Nyarugusu wako vijana wetu wengi ambao mvua hiyo hiyo inawakuta chini ya ardhi, ndani ya maduara, wakitafuta riziki ya halali kwa nyundo na moko.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya wiki moja tu, nayo ni hii inayokuja, kutoka Ijumaa hii hadi Ijumaa ijayo. Swali letu ni hili: Muislamu mwenye duara, Muislamu anayeshuka duarani, na familia inayomsubiri nyumbani, wanatakiwa na dini yao wafanye nini wanapoambiwa kuwa mvua kubwa inatarajiwa?

Ijumaa mbili za Madina

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (RA) kwamba mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa hali Mtume (SAW) akihutubu. Akalalamika kwamba mali zinaangamia na njia zimekatika kwa ukame, akaomba waombewe mvua. Mtume (SAW) akainua mikono yake. Anas anaeleza kuwa mbinguni hapakuwa na wingu hata moja, kisha likachomoza wingu kutoka nyuma ya mlima Sal'i, likatanda, ikanyesha, na watu wa Madina hawakuliona jua kwa muda wa wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaingia mtu kupitia mlango ule ule, akalalamika kwa maneno yale yale: mali zinaangamia na njia zimekatika. Safari hii sababu ilikuwa wingi wa maji. Mtume (SAW) akaomba tena, mvua ihamie pembezoni mwao na isiwe juu yao, iende kwenye vilima, milimani, mabondeni na kwenye maoteo ya miti.

Tuizingatie hadithi hii. Malalamiko ya Ijumaa ya kwanza na ya pili yanafanana, na baina yake ni siku saba tu. Mvua ile ile iliyokuwa rehema iliyoombwa ikawa ni jambo la kukingwa nalo. Mtume (SAW) hakumkemea yule wa pili kwa kukosa shukurani, wala hakumwambia avumilie kwa kuwa mvua inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Aliomba maji yaelekezwe mahali yatakapofaa bila ya kudhuru. Kwa hiyo kuipenda mvua na kujilinda na madhara yake ni mambo mawili yanayokaa pamoja katika moyo wa muumini, nayo yote mawili ni sunna.

Utabiri si elimu ya ghaibu

Wapo miongoni mwetu wanaosita kusikiliza taarifa za hali ya hewa kwa hofu ya dini. Husema: katika aya ya 34 ya Sura Luqman, kuteremka kwa mvua kumetajwa pamoja na mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, basi vipi mtu wa Dar es Salaam aseme kuwa keshokutwa Geita itanyesha?

Jawabu ni kwamba elimu aliyoihusisha Mola na nafsi Yake ni elimu ya yakini, iliyokamilika, isiyohitaji dalili: tone lipi, wapi, lini na kwa kiasi gani. Mtaalamu wa hali ya hewa hana elimu hiyo na wala haidai. Yeye anasoma dalili. Qur'an yenyewe imetufundisha kuwa mvua ina dalili zinazoitangulia, kwani katika Sura Ar-Rum aya ya 48 na Sura An-Nur aya ya 43 tunaelezwa namna pepo zinavyoyaendesha mawingu, yakakusanywa na kurundikwa, kisha mvua ikatoka baina yake. Anayeziangalia pepo na mawingu kwa chombo anaangalia kile ambacho Qur'an imetuamrisha kukitazama kwa jicho.

Na dalili za huku kwetu zina utaratibu wake. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wenye unyevu kutoka ziwani huingia kushika nafasi yake. Unapofika kwenye vilima vya Geita husukumwa juu zaidi, ukapoa, na mawingu ya radi yakajengeka alasiri. Usiku mambo hugeuka, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba huwaangukia wavuvi. Zaidi ya hayo, joto la bahari za mbali nalo huongeza au hupunguza mvua za msimu mzima. Vuli ya 1997 na ya 2023 zilikuja na El Nino, na nchi yetu ikashuhudia mafuriko.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukusanya dalili hizi kwa vituo, kwa satelaiti na kwa rada, ikiwemo ile iliyopo Mwanza, kisha hutoa utabiri wa siku, wa siku kadhaa, wa siku kumi na wa msimu. Msikilizaji makini atagundua kuwa hawasemi "itanyesha" kama mtu anayekata shauri. Wanasema "inatarajiwa". Mvua wanayoiita kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Wanapoona hatari hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo kwa rangi ya manjano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Inafaa kila nyumba izijue rangi hizi kama inavyozijua nyakati za swala. Ijulikane pia kuwa utabiri wa kesho una nguvu kuliko wa siku ya kumi, basi haitoshi kusikiliza Ijumaa ukanyamaza hadi Ijumaa nyingine. Na utabiri wa mkoa hautaji duara la fulani. Angalizo likitolewa kwa Geita, kila mwenye duara Geita ajihesabu kuwa ni yeye anayeambiwa.

Kinachokatazwa ni kitu kingine kabisa. Asubuhi moja pale Hudaybiya, baada ya mvua ya usiku, Mtume (SAW) aliwafunza masahaba zake kwamba anayeinasibisha mvua na fadhila za Mwenyezi Mungu ndiye aliyemuamini, na anayeinasibisha na nyota fulani amekufuru. Katika machimbo yetu iko shirki iliyo wazi zaidi ya hiyo. Mtu hukataa kusikiliza redio kwa dakika mbili, lakini yuko tayari kumlipa mganga ili amwambie duara litatoa lini na limwagiwe damu ya mnyama gani. Ukanda huu umewahi kuingia katika fedheha kubwa kwa imani hizo, hadi wakauawa watu wenye ulemavu wa ngozi kwa tamaa ya mali. Mganga anadai ghaibu pasipo dalili. Mtaalamu anatoa dalili pasipo kudai ghaibu. Asiyetofautisha baina ya wawili hawa ataikimbia elimu kwa jina la tauhidi, kisha aikumbatie shirki kwa jina la riziki.

Maji yanavyofanya kazi chini ya ardhi

Ni lazima tuelewe kwa nini mvua ya juu inaua aliye chini. Udongo mkavu wa ukingo wa duara unashikana. Unapolowa huwa mzito, na wakati huo huo maji yanayojipenyeza katikati ya chembe zake na katika nyufa za mwamba huulegeza. Kifusi kilichorundikwa mdomoni mwa duara nacho kinalowa na kuongeza uzito palepale ambapo ukingo umedhoofika. Matimba yaliyokuwa imara wakati wa kiangazi huoza au huteleza. Na mara nyingi pembeni liko duara la zamani lililoachwa, limejaa maji, na kati yake na vijana wanaochimba pamebaki ukuta mwembamba usioonekana.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kuwa ukingo hauanguki lazima wakati mvua inanyesha. Maji huchukua muda kushuka. Jua linaweza kuchomoza, ardhi ya juu ikakauka, watu wakasema "mvua imeisha, tushuke", na ukingo ukaanguka siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo anayehesabu usalama kwa kutazama mbingu peke yake amehesabu nusu. Inatakiwa itazamwe na ardhi: nyufa mpya mdomoni, udongo unaodondoka kidogo kidogo, maji yanayochuruzika mahali ambapo hayakuwepo.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mwishoni mwa Machi 2008, maji ya mvua yaliingia katika migodi ya Mererani usiku, na wachimbaji zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Oktoba 5, 2015, machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama yaliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai Novemba 15, baada ya siku 41. Usiku wa kuamkia Januari 13, 2024, katika mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi, walifukiwa vijana 22, mahali ambapo uchimbaji ulikuwa umezuiwa. Wala si machimbo peke yake. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilipovunja sehemu ya Mlima Hanang, tope, mawe na magogo yaliushukia mji wa Katesh, na waliofariki wakazidi 80. Mlima ule una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na waliolala chini yake waliuona kuwa ni kitu kisichotikisika.

Tunakumbuka hapa kisa cha mtoto wa Nabii Nuh (AS) katika Sura Hud. Baba yake alimwita apande jahazi, naye akajibu kuwa atakimbilia mlimani umkinge na maji. Aliutegemea mlima, akaliacha onyo. Kila anayesema "duara hili ni la mwamba, haliwezi kuanguka" baada ya kuonywa, na aitafakari aya hiyo.

Hoja tatu tunazozisikia msibani

Kila inapotokea ajali tunasikia hoja tatu, na zote tatu zimevishwa nguo ya dini.

Ya kwanza ni kuwa "ni kudura". Ni kweli, hakuna linalotokea nje ya kudura ya Mwenyezi Mungu. Lakini kudura ni imani inayomtuliza aliyefikwa na msiba, wala si ruhusa ya kuutafuta. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akafikiwa na habari ya tauni, aliamua kurudi. Abu Ubayda (RA) akamuuliza iwapo anaikimbia kudura ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kuwa wanaikimbia kudura ya Mwenyezi Mungu kuiendea kudura nyingine ya Mwenyezi Mungu. Habari ilimfikia, akaifanyia kazi, na hakuna aliyempunguzia imani yake kwa hilo. Taarifa ya mvua kubwa kwa mwenye duara ni kama ile habari ya tauni kwa Umar.

Hoja ya pili ni kuwa "aliyefukiwa ni shahidi". Hili nalo lina asili katika hadithi sahihi, kwani Mtume (SAW) amemtaja anayekufa kwa kuangukiwa na kifusi, na anayekufa maji, miongoni mwa mashahidi. Nasi tunamuomba Mwenyezi Mungu awape daraja hiyo wote waliofukiwa wakitafuta chakula cha watoto wao. Lakini bishara hii ni ya marehemu na ya familia yake. Haikusemwa ili aliyemtuma ajisafishe kwayo. Mtu hawezi kumpeleka kijana wa mwenzake penye mauti aliyoyajua, kisha akasimama kwenye tanga akawapongeza wazazi kwa kupata shahidi.

Hoja ya tatu hutolewa na waliosoma kidogo. Wanasema imo hadithi sahihi isemayo kuwa ajali ya machimbo haina fidia. Hadithi ipo, katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (RA). Lakini wanazuoni walioisherehesha wameeleza kuwa hiyo ni pale mtu anapochimba mahali anaporuhusiwa, akaajiri watu kwa ridhaa zao, na ardhi ikaanguka pasipo yeye kuvuka mpaka wala kuzembea. Mwenye duara aliyeziona nyufa akazificha, aliyesikia tahadhari akainyamaza, aliyezuiwa akachimbisha usiku, huyo ameingia katika mlango wa uzembe na udanganyifu, na hadithi hii si kinga yake. Ridhaa ya mfanyakazi aliyefichwa hatari si ridhaa.

Ijumaa ya matope

Sasa tufikie hoja ambayo kwetu sisi inatosha peke yake.

Hakuna swala ya wiki iliyotiliwa mkazo kama swala ya Ijumaa. Imeamrishwa katika Qur'an, na watu wakaamrishwa waache biashara kwa ajili yake. Pamoja na hayo, imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku moja ya mvua Ibn Abbas (RA) alimwagiza muadhini wake kuwa akifika mahali pa kuwaita watu waje kuswali, badala yake awatangazie waswali majumbani mwao. Watu wakaona ni jambo geni. Ibn Abbas akawaeleza kuwa alilifanya aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (SAW), kwamba Ijumaa ni faradhi, na kwamba yeye amechukia kuwatoa watu wakatembea katika matope na utelezi.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Sheria imempa ruhusa muumini asende msikitini siku ya Ijumaa, kwa sababu anaweza kuteleza njiani akachafuka au akaumia. Faradhi ya Mwenyezi Mungu imelegezwa kwa ajili ya matope. Je, sheria hiyo hiyo itaridhika na mtu anayemwamrisha kijana ashuke kwa kamba ndani ya shimo lililolowa, kwa ajili ya mifuko michache ya mawe? Ikiwa haki ya Mola wetu imesubiri mvua ipite, haki ya dhahabu ni ipi hata isiweze kusubiri? Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura Al-Baqara aya ya 195 kujitia wenyewe katika maangamizi, na katika Sura Al-Maida aya ya 32 ameifanya kuokoa nafsi moja kuwa ni kama kuwaokoa watu wote. Dhahabu imekaa ardhini humo kabla ya babu zetu kuzaliwa. Haitaondoka kwa wiki moja.

Nani atailisha nyumba wiki hiyo?

Tunajua jibu la mchimbaji. Atasema: "Sheikh, maneno yako ni mazuri, lakini nisiposhuka, watoto watakula nini?" Hili ni swali la haki, na khatibu asiyelijibu hana ruhusa ya kumlaumu anayeshuka. Mchimbaji wetu aghalabu hana mshahara. Anapata mgawo wa mawe yakitoka, yasipotoka hapati kitu. Ameshakopa unga dukani, ameshakula kwa mama lishe kwa ahadi. Wiki ya mvua kwake ni wiki ya njaa, na mtu mwenye njaa hakatazwi kwa hotuba.

Kwa hiyo wajibu huu unaanza kwa wenye mali. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, dhahabu inayotolewa machimboni ina zaka ya robo ya fungu la kumi, yaani asilimia 2.5. Nisabu yake ni mithqali 20, ambazo wanazuoni wa zama hizi hukadiria kuwa takriban gramu 85 za dhahabu safi. Na tofauti na fedha iliyowekwa akiba, haisubiriwi mwaka kupita. Inawajibika inapotolewa na kusafishwa, kama mazao ya shambani. Wangapi kati ya Waislamu wenye maduara, wenye makarasha na wanunuzi wa dhahabu wanaoijua hukumu hii, na wangapi wanaoitekeleza? Hukumu ya mchimbaji na ya mnunuzi hazilingani, kwani mnunuzi ana zaka ya biashara inayosubiri mwaka, basi kila mmoja amuulize mwanachuoni wake.

Zaka hiyo ikikusanywa msikitini kwa uaminifu, kwa daftari na mashahidi, mafakiri, maskini na wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki katika Sura At-Tawba aya ya 60. Familia za wachimbaji katika wiki ya mvua zinaingia humo kwa wingi. Tunatahadharisha jambo moja: zaka haiwi badala ya ujira. Mwenye duara anayedaiwa na vijana wake alipe deni kwanza, na zaka itoke katika mali yake nyingine. Na asiyefikia nisabu asidharau sadaka, kwani kilo ya unga Jumanne ya mvua inaweza kuwa ndiyo iliyomzuia mtu asishuke Jumatano.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne, kwa misikiti ya Katoro, Buseresere na machimbo yanayoizunguka.

Kwanza, kila Ijumaa baada ya swala, pale yanaposomwa matangazo ya misiba na harusi, isomwe pia taarifa ya hali ya hewa ya siku zinazofuata, kama ilivyotolewa na Mamlaka, bila ya kuongeza wala kupunguza. Ikitoka tahadhari katikati ya wiki, itangazwe kwa kipaza sauti baada ya swala yoyote.

Pili, wenye maduara waahidiane kuwa ikitolewa tahadhari hakuna anayeshusha mtu, na baada ya mvua kubwa hakuna anayeshuka hadi maduara yakaguliwe na mwenye ujuzi, kifusi kisogezwe mbali na mdomo, na mitaro ya kuzuia maji ichimbwe. Wakikubaliana wote, hakuna atakayesema "nikiacha mimi, jirani atanitangulia".

Tatu, yanapotolewa maji ndani ya duara, pampu ya petroli isishushwe chini. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kijana anayemfuata mwenzake aliyeanguka naye huanguka. Injini ikae juu, mahali pa wazi.

Nne, iundwe kamati ndogo ya msikiti itakayozijua kwa majina nyumba zinazotegemea duara, ili msaada uwafikie bila ya wao kuja kuomba mbele za watu.

Majumbani na madrasani

Mvua haiishii machimboni. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo iliangusha nyumba katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, wakafariki watu zaidi ya 40. Januari 27, 2025, radi iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, humu humu mkoani Geita, na wengine wengi wakajeruhiwa. Wapo waliokimbilia kumtafuta mchawi wa radi. Muislamu anajua kutoka Sura Ar-Ra'd kuwa radi inamtakasa Mola wake na kwamba hupelekwa kwa amri Yake, basi asimtuhumu bibi kizee wa jirani kwa macho yake mekundu.

Kina mama ndio wenye kuziona siku za watoto. Tunawaomba wiki hii wawazuie watoto na mashimo yaliyoachwa na kujaa maji, kwani mtoto huyaona kuwa ni bwawa la kuogelea, na kingo zake zinateleza kiasi kwamba hata mkubwa hatoki. Ngurumo ikisikika, mchezo uwanjani ukatishwe, wasijikinge chini ya mti, na wakae ndani hadi itimie nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Maji ya kunywa yachemshwe, kwani mafuriko huchanganya visima na vyoo. Ukuta wa tope ulioanza kuinama usilaliwe upande wake. Walimu wa madrasa wasiwatoe watoto kwenye mvua ya radi eti muda umekwisha. Na kamati za misikiti zikumbuke kuwa mnara ni jengo refu kuliko yote mtaani. Ufungwe kizuia radi kabla ya kupakwa rangi.

Hatimaye, tusisahau adabu ya mvua yenyewe. Mtume (SAW) alikuwa ikinyesha akiomba iwe ni mvua yenye manufaa, na aliwahi kuufunua mwili wake kidogo ili matone yamguse, kwa kuwa yametoka punde kwa Mola wake. Huu ndio moyo tunaoutaka: mtu anayeifurahia mvua barazani kwake, akiwa amekwisha kuhakikisha kuwa hakuna mtoto wa mwenzake aliye chini ya ardhi kwa amri yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua ya wiki hii kuwa ya rehema na si ya adhabu, ayajaze mabonde yetu na asiyajaze makaburi yetu, awarudishe wachimbaji wote kwa familia zao, awarehemu waliotangulia, na awape wenye mali mioyo ya kutoa. Iwe pembezoni mwetu, Ewe Mola, na isiwe juu yetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.